Wanane Walishuka, Wanane Walipanda

Jumatano hiyo Kefa alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, Makutupora, akiziba pancha ya baiskeli, wakati boti ya kampuni ilipopita katikati ya mashamba ya zabibu ikirudi kituoni. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Boti ilikwenda kasi kuliko ilivyoruhusiwa, na wimbi lake la udongo likatikisa nguzo za zabibu za jirani hadi mbili zikalala. Ndani yake wageni wanane walikuwa wamejifunga taulo mabegani. Frank, meneja, alisimama nyuma, ubao wake wa karatasi kifuani. Dereva wa injini alikuwa anatafuna muwa.

Kefa aliwatazama mara moja tu, kama alivyokuwa akiwatazama ng'ombe wa baba yake mlangoni mwa zizi, kule Mlali, kabla ukame haujawamaliza. Kwao ng'ombe hawakuhesabiwa. Kukihesabu chenye uhai ni kukitafutia kifo, na isitoshe ni kazi ya wavivu. Mwenye ng'ombe humjua kila mmoja kwa rangi, kwa pembe na kwa namna anavyokanyaga, na yule asiyekuwapo huonekana kabla ya waliopo. Kwa hiyo Kefa hakuona wageni wanane. Aliona kwamba Editha, binti yake, hayumo.

Aliweka tairi chini.

"Mama Editha," alimwita mkewe. "Wamemwacha mtoto."

Generosa alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuuliza wamemwacha wapi.

Bahari ilikuwa chini ya uwanda ule tangu zamani, na wachimba visima waliijua. Mara moja moja mtu alichimba futi ishirini asipate maji ya kunywa, akapata kaa. Lakini mwaka wa themanini na saba, ruhusa za biashara zilipoanza kutolewa kwa kila mwenye nia, ndipo ilipojulikana kwamba kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri udongo wa pale hulegea, na mtu akishuka kutoka kwenye boti, mtungi wa hewa mgongoni, huzama bila taabu. Mbuzi na wapanda baiskeli walipita juu kama kawaida. Ndoo iliyoshushwa ilirudi na mchanga. Serikali ya kijiji ilikaa kikao kimoja juu ya jambo hilo, ikajadili ushuru, ikafunga.

Wa kwanza kuleta boti alikuwa Mzee Abdulnasiri wa Mpwapwa, mfanyabiashara wa ukoo uliofika huko na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Aliinunua kwenye mnada wa shirika la umma la uvuvi lililofilisika, ikaja kwa reli ya kati imefunikwa turubai, ikashushwa stesheni ya Dodoma. Kefa, ambaye wakati huo alikuwa hana ng'ombe wala kazi, alichukuliwa kukaa kwenye ngazi.

Boti ile ilikuwa na taratibu zake. Hakuna aliyeshuka kabla hajanywa chai ya tangawizi, maana Mzee Abdulnasiri aliamini kwamba mtu mwenye tumbo tupu hupumua kwa pupa. Kila mtungi ulifunguliwa kidogo, naye akaunusa kama mama anavyonusa maziwa ya jana. Uliokuwa na harufu ya mafuta ya mashine uliwekwa kando, hata kama mwenye kuulipia alikuwa amekwisha kuvaa mapezi ya kuogelea. Wageni walinung'unika. Yeye aliwaambia kwa Kiingereza chake cha shule ya jioni kwamba wanaweza kunung'unika kwa kuwa bado wako hai.

Siku moja boti ilikuwa imejaa na injini inanguruma, Kefa akasema, "Yule anayekanyagia kisigino hajaja." Walitazamana. Orodha haikuwa imeandikwa, maana Mzee Abdulnasiri alimtegemea Kefa kuliko karatasi. Walisubiri. Saa kumi kasoro kumi akaibuka mgeni mwenye masharubu mekundu, mtungi wake umekauka kabisa, akaanguka ndani ya boti akibusu mbao. Hadi leo kila Krismasi humletea Kefa kalenda yenye picha za theluji.

Editha alikulia kwenye boti hiyo. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa akitembea kule chini kama mtu aliye sebuleni kwake. Alijua matumbawe yaliyoota kwenye mizizi ya zabibu, alijua pango la pweza, na alijua ulipolala mnyororo mrefu wa chuma wenye pingu za shingo, uliozamishwa na misafara. Pale Mzee Abdulnasiri hakuruhusu wageni wapelekwe. Alisema babu zake walikuwa na mkono wao katika mnyororo ule, na mtu haonyeshi wageni uchafu wa nyumbani kwake kwa kiingilio.

Kampuni ilikuja mwaka wa tisini na nne. Mwekezaji mwenyewe hakuwahi kuonekana. Alionekana Frank, na boti mpya nyeupe ya plastiki, na barua inayosema kwamba kuanzia sasa boti isiyo na cheti cha usalama isishushe mtu. Vyeti vilitolewa na kamati. Katibu wa kamati alikuwa Frank. Boti ya Mzee Abdulnasiri, ambayo haikuwahi kupoteza hata kiatu cha mtu, ilipandishwa juu ya matofali uani kwake, na kuku wakaanza kutagia humo. Kefa alirudi kulima. Editha aliajiriwa na kampuni kuongoza wageni, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua njia, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapeleka kwenye mnyororo.

Jumatano hiyo, hivi ndivyo ilivyokuwa. Wageni walishuka kwa ngazi. Editha alishukia mbele, ukingoni, kwa kuwa ngazi ilikuwa ya wateja. Walipokuwa wanapanda kurudi, mgeni mmoja alikumbuka kwamba ameacha kamera kwenye mnyororo, na Frank akamwashiria Editha akaifuate. Kisha Frank akahesabu vichwa, wanane. Akahesabu vishina vya tiketi, vinane. Akatia sahihi. Chakula cha wageni kilikuwa mezani kinapoa.

Kefa alimkuta ofisini anakunywa soda.

"Shikamoo mzee wangu," Frank alisema, akasimama, maana alikuwa kijana aliyelelewa vizuri.

"Marahaba. Editha yuko wapi?"

Frank alichukua ubao wake. "Wanane walishuka, wanane walipanda. Sahihi yangu hii hapa."

"Nimekuuliza Editha."

"Mzee, mimi nahesabu wateja. Vishina hivi. Ukitaka, hesabu mwenyewe."

"Mimi sihesabu watu."

"Sasa umejuaje kama amepungua?"

"Nimejuaje?" Kefa alisema. "Mbwa wewe, nimemzaa!"

Frank hakukasirika. Alisubiri kama mtu anayesubiri lori lipite ndipo aendelee na mazungumzo. Kisha akaeleza. Kurudi kule maana yake ni kwamba kampuni imeacha mtu. Kampuni haijawahi kuacha mtu. Ikiandikwa kwamba imeacha mtu, leseni inakwenda, na pale watu kumi na wanne wanapata ugali wao. "Unataka walale njaa, mzee, kwa ajili ya jambo ambalo kwenye karatasi halipo?"

Saa kumi ikagonga. Nje, uwanda ulikaza, na trekta la mtu likapita juu yake.

Kesho yake asubuhi Generosa alikuwa anapalilia mstari wa tatu wa zabibu aliposikia kugongwa chini ya jembe. Alilala kifudifudi, akaweka sikio.

"Shikamoo mama," Editha alisema.

"Marahaba mwanangu. Umelalaje?"

"Salama. Kamera nimeipata."

Mtungi wake ulikuwa umekwisha jana yake saa kumi na moja jioni, na baada ya hapo hakuuhitaji tena. Alikula chaza. Alichokosa, alisema, ni chumvi kidogo tu, kwa sababu bahari ile haikuwa na chumvi. Generosa alimsukumia chumvi kwa kijiti kwenye tundu la mchwa. Alipomaliza akakaa pale chini, mikono imejaa udongo, akawatukana watu wa kampuni mmoja mmoja, kuanzia bibi zao.

Kefa alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alisema kwamba mtu ambaye sauti yake inasikika hawezi kuandikwa amepotea, na mtu ambaye hajapotea hatafutwi. Alimpa pole na kiti.

Basi Kefa alipanda basi hadi Mpwapwa. Mzee Abdulnasiri alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia uani, akawatoa kuku ndani ya boti kwa mikono yake. Alikuwa na miaka sabini na tatu. "Cheti watanidai ahera," alisema. Siku ya tatu, saa sita mchana, boti ya zamani, iliyoletwa kwa lori, ilisimama juu ya mstari wa tatu wa zabibu, na Kefa akashusha ngazi.

Editha alikuja. Walimwona waziwazi, amelala chali majini, nywele zimesimama. Alinyoosha mkono akashika kipago cha chini cha ngazi, na kipago kikapita katika vidole vyake kama moshi. Alijaribu tena. Kefa alijitupa kifudifudi, akamshika kifundo cha mkono, akashika baridi tupu.

"Siyo boti iliyonishusha, baba," Editha alisema kutoka chini. "Huku ndivyo ilivyo. Iliyokushusha ndiyo inayokupandisha."

Mzee Abdulnasiri alisema mambo kwa Kiarabu, kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Siku ya nne boti yake ilitaifishwa kwa kosa la kushusha ngazi bila cheti.

Wiki tatu zilipita. Kila siku boti nyeupe ilishusha wageni wanane, na kila siku Editha aliwakuta chini akawaongoza, kwa vile hapakuwa na mwongozaji mwingine aliyeajiriwa. Hapakuwa na haja. Kitabu cha wageni kilijaa sifa. Mmoja aliandika kwamba amezamia katika bahari tano na hajapata huduma kama ile. Mwingine aliandika kwamba binti wa chini ni mcheshi na hana haraka, tofauti na boti moja ya pwani ambako walipewa mitungi yenye kutu, nahodha mlevi, na sahani ya wali baridi. Frank alimsomea Kefa maneno hayo kwa sauti, akiamini kwamba mzazi yeyote angefurahi. Katika orodha ya mishahara jina la Editha lilikatwa, kwa kuwa hakuonekana kazini kutia sahihi.

Kefa aliomba kazi ya ngazi.

"Ulinitukana, mzee wangu," Frank alisema.

"Nilikutukana."

"Nimekusamehe. Uzoefu unao. Kesho saa mbili na nusu uwe hapa, na uvae shati jeupe."

Alivaa shati jeupe. Siku ya kwanza Editha alikuwa mbali, kwenye pango la pweza, na mgeni mmoja alimng'ang'ania mguu. Siku ya pili walielewana kwa ishara. Wageni wanane walipanda mmoja mmoja, Kefa akiwapokea mapezi na kuwavuta kwapani, na wa nane alipopita, mkono wa Editha ukashika kipago. Kipago kilikuwa kigumu. Kefa alimshika kifundo, nacho kilikuwa na mfupa na nyama. Alimvuta hadi ndani ya boti. Binti alikaa sakafuni, amejikunja, udongo unamchuruzika kwenye nywele, akakohoa mara mbili.

"Shikamoo baba."

Kefa alivua shati jeupe akamfunika.

Frank alikuwa anahesabu. Alihesabu kutoka mbele, akahesabu kutoka nyuma. Alitoa vishina vya tiketi mfukoni, akavipanga juu ya kifuniko cha injini.

"Tisa," alisema. "Kuna mmoja amezidi."

"Huyo ni Editha," Kefa alisema. "Huyu hapa. Twende."

"Namwona, mzee. Karibu, Editha, pole na kazi. Lakini ni tisa."

"Twende, Frank. Nakwambia kwa mara ya mwisho."

Frank alimwashiria dereva awashe. Injini ilinguruma, rafadha yake ikazunguka ikirusha udongo hadi kwenye majani ya zabibu, na boti haikusogea hata shubiri. Kefa alimsukuma dereva, akashika usukani mwenyewe. Aliikanyaga, akaisihi, akaipiga teke. Boti ile ilikuwa imezoea karatasi tangu siku ya kwanza, na karatasi ilisema wanane.

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Kingo za boti zilianza kulia, kwani udongo ulikuwa unakaribia kukaza. Wageni walitazama saa zao. Bibi mmoja mwenye kofia aliuliza kama kuna tatizo. Frank akamwambia hakuna, ni utaratibu tu.

"Basi mimi nashuka," Kefa alisema. "Niondoeni mimi, abaki yeye."

"Haitasaidia, mzee wangu. Wewe huna tiketi, hukuhesabiwa. Ukishuka bado ni tisa."

"Na yeye je? Yeye ana tiketi?"

"Hana," Frank alisema kwa upole. "Na amepanda kwa ngazi ya wateja. Ndiyo maana amezidi."

"Nipe hiyo tiketi. Chukua nyumba, chukua shamba, chukua chochote. Andika tiketi."

"Zinaandikwa ofisini Dodoma mjini. Kwa wenye pasi za nje."

Kefa alimkamata kola. Alikuwa mzee wa mikono mikubwa, na kwa muda Frank alisimama kwa ncha za vidole vya miguu. Wageni walitazama upande wa pili, kule kulikokuwa na vilima, wakisifu rangi yake. Kefa aliwageukia. Aliwaomba kwa Kiswahili, kisha kwa maneno machache ya Kiingereza aliyoyapata kwa Mzee Abdulnasiri, kwamba mmoja wao aseme tu kwamba amemwona binti huyu, kwamba yupo, kwamba ni mtu. Bibi mwenye kofia alimpa Editha biskuti. Mwanamume aliyekuwa karibu naye alimwomba Editha akae vizuri, akampiga picha.

"Baba," Editha alisema. "Mwachie. Boti ikikamatwa na udongo, tutakatwa wote katikati."

Alivua shati, akalikunja, akaliweka juu ya kifuniko cha injini pembeni ya vishina. Kisha akapita mbele, ukingoni, akashuka kama alivyoshuka siku zote.

Boti ikasogea papo hapo.

Kefa alichukua mtungi wa akiba uliokuwa umefungwa karibu na ngazi. Hakuwa na muda wa kuunusa. Aliutupia begani na kuruka. Nyuma yake alimsikia Frank akisema, "Wanane," na kalamu ikikwaruza.

Udongo ulifunga juu ya kichwa chake kama mlango uliotiwa mafuta. Chini palikuwa na mwanga wa kijani. Editha alikuwa amekaa juu ya jiwe, biskuti ingali mkononi, na alipomwona baba yake alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika mbele yake.

"Na mama atabaki na nani?"

Kefa alikaa kando yake. Waligawana biskuti, ikawa tope kabla haijafika mdomoni. Mtungi wake, ambao kweli ulinuka mafuta ya mashine, ulikwisha baada ya muda mfupi, naye akauvua.

Asubuhi walimsikia Generosa juu. Alikuwa hapalilii, alikuwa anachimba. Jembe lilishuka futi moja, futi mbili, likatoa kishindo kikavu, likarudi juu, likashuka tena. Alikuwa anayataja majina yao wote wawili kila lilipoanguka. Kefa alinyoosha mkono juu ya kichwa chake akagusa dari la udongo mahali sauti ilipotoka. Jembe halikufika.

Saa tatu dari lililegea, na kivuli cha boti nyeupe kikaja. Wageni wanane walishuka kwa ngazi, wapya wote, wakitapatapa. Editha aliwaendea akitabasamu, viganja wazi.

"Usiwachekee!" Kefa alimpigia kelele. "Hata mmoja usimchekee!"

"Wakiogopa wanavuta hewa ovyo, baba," Editha alisema bila kugeuka. "Na mitungi yenyewe unaijua. Wanakufa."

Akaendelea nao kuelekea kwenye mnyororo. Mmoja, mzee mnene mwenye miwani iliyojaa ukungu, alibaki nyuma, akirusha mikono, kifua kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa. Kefa alimtazama. Alitaka kumwacha, na alisimama pale muda wa kutosha kujua kwamba anataka. Kisha akaenda, akamshika kiwiko, akampandisha polepole hadi kwenye ngazi, akamwekea vidole juu ya kipago.

Yule mzee alimshika Kefa mkono kwa mikono miwili, akautikisa kwa shukrani nyingi. Halafu mtu wa juu, kijana mgeni kazini, aliyevaa shati jeupe, akamvuta, na ngazi ikainuliwa.